Miche Chini ya Nailoni

Siku hizi bomba la nyumba hufunguka pale tu miche ya sebuleni inapoona kiu. Ndiyo maana Tausi alikuwa akiweka jiko la mkaa kando ya trei ya miche hiyo, udongo ukauke upesi, mama mkwe wake apate maji ya kunywa.

Bwana miche alipokuja kukagua, aligusa majani yaliyokauka nchani, akasikitika.

"Pole, dada. Hewa ya humu ni kavu mno." Akaifunika miche yeye mwenyewe kwa nailoni. "Usiifunue mpaka nirudi."

Kweli miche ikachangamka. Udongo haukukauka tena, na bomba halikutoa hata tone.

Siku ya tatu Tausi alimkuta mkwewe amepiga magoti, ameinua pembe ya nailoni, analamba matone.

"Njoo, mwanangu," alinong'ona, akimpisha. "Huku ndani kumenyesha."