Siku Naswa Aliponyamaza

Farasi alisimama kabla hajaambiwa, akageuza masikio yote mawili kuelekea ua wa michongoma.

Naswa, juu ya tandiko, alilegeza hatamu akangoja. Nyuma ya ua kitu kiliburutwa kwenye majani makavu, kikagonga chini mara moja, kikatulia. Alidhani ni ndama wa jirani aliyefungwa kamba. Wiki iliyopita aliwahi kuita, "Nani hapo?" Hakujibiwa.

"Si kitu," alimwambia farasi, akimpapasa shingo. "Hatua moja. Moja tu. Haya."

Farasi akapiga hatua. Nyuma ya ua, kitu kikaburutwa tena.

Alikuwa farasi jike wa miaka mitatu na nusu, rangi ya kahawia, na hiyo ilikuwa wiki ya tano tangu mtu akae mgongoni mwake kwa mara ya kwanza. Mwenyewe, Bwana Obiero, alikuwa anajenga nyumba za wageni ufuoni mwa ziwa, chini ya Otonglo, na alitaka wageni wapande farasi kando ya maji. Ndiyo sababu alimtoa Naswa Kitale, ambako alikuwa amefundisha farasi katika mashamba ya watu kwa miaka thelathini.

Farasi mchanga hajui maana ya mguu wala ya hatamu. Anachojua ni sauti aliyoizoea tangu alipokuwa akitembezwa kwa kamba. Basi Naswa alisema naye asubuhi nzima, kwa sauti ya kusikika vizuri. "Hatua moja. Nyingine. Simama. Pumua. Hakuna anayekukimbiza. Jana ulikuwa unatetemeka, na leo jiangalie."

Na kusema kweli, hakuwa na mwingine wa kusema naye. Kiluo chake kiliishia kwenye salamu. Wajenzi wa Obiero walimpungia mkono wakapita. Mkewe, Metrine, alikuwa amefariki mwaka juzi, na watoto walipiga simu Krismasi hadi Krismasi. Kwa hiyo hata mafunzo yalipokwisha, akimfuta farasi jasho, aliendelea tu kuongea: habari za nyumba ya Kitale, za mvua ya kule, za kitanda kikubwa ambacho mpaka leo alikilalia upande mmoja, ule wa ukutani.

Jumatatu Obiero alikuja kumjaribu farasi. Akapanda, akabana miguu. Farasi hakwenda. Aligeuza shingo akamtafuta Naswa kwa macho.

"Mzee, huyu farasi anasikia mdomo yako tu," Obiero alisema akishuka. "Sasa wageni watatoa wapi mdomo yako? Jumamosi nakuja tena. Kama bado hasikii miguu, anarudi kule nilimnunua, na wewe unarudi Kitale."

Naswa hakubisha. Ndivyo kazi hiyo inavyokwenda: sauti hutangulia, kisha mguu na mkono huchukua nafasi yake, na sauti huondolewa. Yeye alikuwa ameiahirisha siku hiyo kwa wiki moja, labda mbili, na alijua kwa nini.

Jumanne akafunga mdomo.

Alibana miguu kidogo, akangoja. Farasi alitetemesha ngozi, akachimba mchanga kwa kwato, akarudisha sikio moja nyuma kama anayeuliza. Naswa hakumjibu, ingawa maneno yalikuwa yamefika kooni. Akabana tena. Baada ya kitambo kirefu, farasi akaenda. Alipofunga vidole kwenye hatamu, akasimama. Nyuma ya ua kulikuwa kimya. Huenda ndama alikuwa ameuzwa.

Jumatano walizunguka uwanja mzima, kulia na kushoto, bila neno hata moja. Hakuwa amefanya kazi safi kama hiyo mwaka mzima, na hakuwa na mtu wa kumwambia. Alipokwenda sokoni Otonglo kununua sukari, sauti yake ilitoka imekwaruza, hata muuzaji akamuuliza kama ana homa.

Alhamisi, alipokuwa akifungua mkanda wa tandiko, aliona mwanamke amesimama langoni, mikono yake ina unga wa mahindi. Naswa alijiandaa kulaumiwa. Harufu ya samadi, pengine, au nzi.

"Mimi ni Apiyo, wa hapa nyuma ya ua," mwanamke alisema. "Ni wewe ndio huwa unasema 'hatua moja, simama'?"

"Ni mimi, mama. Kama nilikuwa nawapigia kelele, nisameheni. Nimeacha."

"Hiyo ndio nimekuja kuuliza. Mbona umeacha?"

Naswa alimpapasa farasi begani. "Ameshajua. Sasa anatembea bila kuambiwa."

Apiyo alimtazama farasi, kisha akautazama ua.

"Farasi, sawa," alisema. "Lakini Baba bado. Tangu kiharusi kimshike mwezi wa tatu haongei, na alikuwa hasimami, mpaka ile siku ulianza kumwambia. Leo ni siku ya tatu ameshika fimbo yake hapo kwa ua, anangoja umwambie hatua moja."