Masaa Matatu na Nusu

"Angani masaa mangapi?" Hafidha aliuliza, tiketi ya mumewe mkononi.

"Matatu na nusu. Dar mpaka Johannesburg."

Alichanganyikiwa. Mume huyu alikuja kambi ya Mazimbu, hapa Morogoro, akiwa mkimbizi wa ubaguzi wa rangi, na miaka yote kumi na miwili ya ndoa alimwambia kwao ni mbali mno. Kumbe ni karibu kuliko kwa mama yake Hafidha, kule juu Uluguru, anakopanda kwa miguu kutwa nzima!

"Basi asubuhi unakwenda, jioni umesharudi?"

Mumewe aliinamia sanduku lake. Alikuwa anakunja sweta nzito, ambayo hapa Morogoro hakuwahi kuivaa.

Hafidha akapekua kurasa zote za tiketi akitafuta tarehe ya kurudi. Hakuiona. Akaanza upya, ukurasa wa kwanza.