Aliyesimama Katika Mahindi

Eliakim alidondosha mtungi wa maziwa akatimua mbio. Kisa chenyewe ni Sifuna, kijana wa jirani, aliyekuwa amesimama katikati ya mahindi kabla ya jua kuchomoza, shuka mabegani, uso juu, midomo ikinong'ona.

Kufikia saa ya ibada, kijiji kizima cha Ndalu kilikuwa na habari. Kijana wa chuo amekuwa mkimbiaji wa usiku, wale watu wanaozurura gizani wakirusha mawe kwenye mabati ya wenzao.

Maskini, alikuwa akisoma tu. Huko chuoni Kitale walikuwa wameanzishiwa somo la nyota, na mwalimu aliwataka wachore anga ya alfajiri. Taa za mji zilimzuia kuona vizuri, kwa hiyo kila wikendi alirudi nyumbani. Somo lenyewe lilimnyima raha. Tangu aambiwe kwamba dunia haitulii, inakimbia angani pamoja na ng'ombe, kanisa na kitanda chake, usingizi ulimpaa. Zuhura, aliyoiita nyota tangu utotoni, kumbe si nyota. Alijiuliza ni mangapi mengine anayatazama kila siku bila kuyajua.

Lakini aliyemkosesha amani zaidi alikuwa Emmy, muuzaji wa dawa za mifugo pale Moi's Bridge. Emmy hupiga miayo mchana kutwa, na bado akicheka, mteja husahau alichokuja kununua. Sifuna alimpenda hadi akakonda. Jumamosi, Nanyama, shangazi yake Emmy, angetoka Kabuchai kuja kuchunguza boma, kama ilivyo desturi kabla ya posa. Na ni ukoo gani ungemwoza binti yake kwa mkimbiaji wa usiku?

Alimpigia Emmy simu, akamsihi awaeleze watu wa kwao ukweli. 

"Si uwache tu waseme," Emmy alimwambia. "Mimi hiyo hainisumbui."

Sifuna alisikia upendo katika maneno hayo, akazidi kuumia. Hangekubali msichana mwema hivyo aolewe kwa aibu.

Jumamosi mgeni alifika, akala kuku, akasifu ugali. Alikuwa mchangamfu kupita matarajio, hata akamshika Sifuna mkono kana kwamba tayari ni mkwe wao. Kisha akaomba waachwe wawili, akasogeza kiti.

"Tumesikia ati wewe hutoka usiku," alisema kwa sauti ya chini. "Ni kweli?"

Sifuna akamwaga yote. Alitandaza michoro mezani, akamwonyesha Zuhura, akamwonyesha sayari ya Mshtarii, akaapa kwa jina la marehemu baba yake kwamba yeye ni mwanafunzi tu. Hutazama anga kidogo alfajiri, basi. Usiku wenyewe hulala kama gogo. Hapo alitia chumvi kidogo, lakini alikuwa akipigania mke.

Nanyama aliikagua ile michoro mmoja baada ya mwingine. Uchangamfu ulimtoka usoni. Alijifunga leso vizuri, akainuka, na huzuni yake ilikuwa ya kweli.

"Pole, mwanangu. Sisi tulikuwa tumefurahi sana," alisema. "Sasa Emmy wetu akimaliza kukimbia huko nje, nani atakuwa macho amfungulie mlango?"