Sindano ya Seli Shina

Kijiko kilimponyoka tena, supu ikammwagikia kifuani.  Mkewe alimfuta, akachukua shati safi na kuanza kumvalisha.

"Baba Pacha, leo twende kliniki," alisema hatimaye. "Ukachomwe seli shina, zikuoteshee neva mpya. Unangoja nini?"

Baba Pacha aliguna. Tangu aambiwe hospitalini kwamba neva zinazoendesha misuli yake zinakufa, kila aliyebisha hodi alikuja na tiba yake mdomoni. Shemeji alileta mafuta ya kuchua. Jirani alileta majani ya kuchemsha. Wote aliwashukuru. Lakini kliniki ilipotajwa, midomo ilimpinda kwa dharau.

"Wanaokwenda kule ni wapumbavu," alisema, ulimi ukimlemea. "Mtu amesoma mpaka chuo kikuu, anaoneshwa kichupa chenye kibandiko cha kigeni, anavua shati mwenyewe."

"Na yule mwalimu kwenye video ya kliniki? Si aliingia na kiti cha magurudumu, akatoka anatembea?"

"Alikuwa anaumwa mgongo. Ugonjwa huu hakuwahi kuwa nao."

"Watu wanatoka pale wanalia kwa furaha."

"Waache walie. Baadaye hata kulia hawawezi." Alimeza mate kwa shida. "Seli shina zenyewe wataalamu bado wanahangaika nazo maabarani. Hakuna aliyethibitisha kwamba zinaponya ugonjwa huu. Na mle kichupani hazimo. Ni maji ya chumvi, Mama Pacha. Yanatiwa vitamini kidogo yapate rangi."

Vidole vya mkewe viliganda kwenye kifungo.

"Hata ile sindano aliyochomwa mama yangu, kabla hajafa?"

"Hata ile."

Mama Pacha alirudi nyuma hatua moja, akamkodolea macho kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. Shati lilibaki wazi, mbavu zikihesabika.

Simu iliita mezani. Baba Pacha aliitazama. Mkono wake haukuweza tena kuinua hata kikombe. Mkewe aliipokea, akaweka spika, akaisogeza karibu na mdomo wa mumewe bila kumwangalia.

"Samahani kukusumbua, Daktari," ilisema sauti ya nesi. "Mapokezi hapa kliniki pamejaa, na wengine wametoka mbali. Tuwachome, au tuwaambie unaumwa?"

"Wachomeni," alijibu. "Ila asijue mtu ninaumwa nini."