Ubao wa Dakta Mwatime

Katika idara ile ya fizikia, nadharia ikishindwa na vipimo, mwenyewe ndiye huifuta ubaoni. Dakta Mwatime alishika dasta, akaiweka, akaishika tena. Nadharia yake ilidai kwamba ulimwengu hutanuka kwa kasi inayozidi bila nishati yoyote ya giza, ile isiyoonekana ambayo wenzake husema ndiyo huusukuma, kwa sababu nguvu ya mvutano hudhoofika mbali, na mawimbi ya mvutano huo hutanguliwa na nuru. Asubuhi hiyo vipimo vilinasa mgongano wa kale wa nyota mbili za mbali; mawimbi na nuru vilifika pamoja.

“Futa, dada, chai inapoa,” alisema Shemdoe, mpinzani wake.

“Na hiyo nishati yako ya giza ni kitu gani?”

“Sijui.”

“Hujui, na ubao wako umejaa!”

Shemdoe alicheka peke yake.

Mwatime alifuta mistari yote. Vumbi jeupe lilikuwa bado likielea alipookota kipande cha chaki.