Safu ya Tano

Kwenye stesheni ya Bukene, Koleta alipanga mapera yake juu ya mkeka: pera moja, chini yake mawili, halafu matatu, halafu manne. Safu ya tano hakuipanga kamwe. Tangu enzi za uchumba ilikuwa ya mumewe kuipanga, mpaka alipokwenda manamba kukata mkonge, akapotelea huko Tanga.

Alikwenda kuteka maji. Aliporudi, chini ya yale manne palikuwa na matano, vikonyo vyote vikitazama juu, kama alivyopenda mumewe.

"Nani kagusa mapera yangu?"

"Bwana mmoja mwenye mvi," alijibu jirani yake, muuza karanga. "Hakununua kitu, dada. Kashapanda treni."

Treni ikapiga honi, ikaanza kusogea.

Koleta alichota mapera sita kapuni, akaikimbilia.