Robo Saa ya Jioni

Kwenye skrini nyeusi, jibu lilikuwa fupi: huduma ya kulinganisha saa imesimamishwa. Fundi wa kompyuta alilisoma mara ya pili, damu ikimchemka. Huduma haikuharibika. Mtu aliizima kwa amri, kisha akairudisha nyuma saa ya seva, kompyuta kuu ya kiwanda, kwa robo saa, na akaunti iliyotoa amri hiyo ilikuwa ya meneja.

Kiwanda kizima kilifuata saa ya seva hiyo, kuanzia lango la chuma lililojifunga lenyewe asubuhi hadi kengele ya kutokea. Lango halikuwa na huruma: aliyelikuta limefungwa alipoteza kazi siku hiyohiyo. Jioni nayo, washonaji waliendelea kuinamia mashine, migongo ikiwauma, wakingoja kengele iliyochelewa.

Alimkuta meneja akinywa chai.

"Kwa nini umeizima huduma ya saa?"

"Iache ilivyo, binti."

"Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Unawaibia hawa mama muda wao."

Meneja aliweka kikombe chini. "Usiniulize jambo ambalo ukilijua utalazimika kuliandika kwenye ripoti ya mwenye kiwanda."

Fundi alitoka bila kuaga. Mwizi wa kawaida angalau hukana.

Katika ukumbi wa kushonea, alisimama katikati ya mashine.

"Mama zangu, mnajua kwamba saa ya humu iko nyuma?"

"Hata jogoo wa jirani anajua," akajibu mshonaji mkongwe, na wenzake wakacheka.

"Kumbe iko nyuma?" akauliza mama wa mashine ya mlangoni, yule aliyekuwa akimbeba mtoto wake asiyeweza kutembea hadi shuleni kila asubuhi kabla ya kuja kazini.

"Wewe shona," wakamjibu kwa pamoja.

"Na ninyi mnanyamaza tu?" fundi akasema.

"Robo saa haijamtoa mtu roho, mwanangu. Shika kompyuta zako, tuachie sindano zetu."

Hasira yake ikaongezeka maradufu. Kumbe dhuluma ikizoeleka hugeuka kuwa mzaha, na aliyeonewa humtetea mwonevu wake.

Jioni, wote walipokwisha kuondoka, aliiwasha ile huduma. Akaiamuru ijiwashe yenyewe kila seva inapoanza upya, kisha akamfutia meneja ruhusa ya kuigusa. Saa ya seva iliruka mbele, ikakaa sawa na ya ulimwengu mzima. Alifunga mlango kwa kishindo, ingawa hapakuwa na wa kumsikia.

Kesho yake alisimama kando ya lango, kifua mbele. Washonaji walikuwa wameshaingia mapema, kama ilivyo desturi yao, mashine zikinguruma. Saa ilipotimia, lango likajifunga.

Mashine zikanyamaza, moja baada ya nyingine.

Nje ya nondo, mama wa mashine ya mlangoni alikuwa akija mbio, kitambaa cha kumbebea mtoto kikining'inia begani. Alilishika lango kwa mikono miwili. Halikufunguka.

Mshonaji mkongwe alishuka ngazi taratibu, akasimama mbele ya fundi.

"Meneja alikataa, tukampigia magoti sote, bila mwenzetu kujua, mpaka akairudisha saa nyuma," alisema. "Ile shule ya mwanawe haifunguliwi mapema."